Mpwa Mombasa Anataka Kusomea Gemu: Pesa Yako Iende Wapi

Ujumbe huja usiku, sauti ya dakika tatu kwenye WhatsApp: shikamoo mjomba, matokeo yametoka, nimepata C+, nataka kusomea kutengeneza gemu. Uko Doha, Leeds au Minneapolis, ndiyo kwanza umetoka zamu, na linalokujia akilini ni kibanda cha PlayStation kule Kongowea ambako huyu huyu alikuwa akifuatwa na mamake kila magharibi. Usikatae haraka. Wala usikubali haraka, maana kati ya "sawa" yako na karo ya kwanza kuna maswali ambayo majibu yake yatakuokolea pesa nyingi.

Msimamo wangu niuseme mapema. Kijana aliye Mombasa mlipie masomo ya kawaida ya kompyuta papo hapo nyumbani, na zile pesa ambazo zingemezwa na kozi ghali yenye jina la gemu ziende kwenye mashine, intaneti na muda wa kutengeneza. Studio inayoajiri hufungua kwanza kazi za mtu, izicheze, ndipo iulize amesoma wapi.

Gemu ipi, kazi ipi?

Anayesema "nataka kutengeneza gemu" bado hajasema kitu. Kuna mwandishi wa programu, kuna mchoraji na mtu wa animesheni, kuna anayebuni kanuni na hatua za mchezo, kuna wa sauti. Hizi ni kazi mbalimbali na masomo yake hayafanani. Kijana aliyejaza madaftari kwa vibonzo, ukimtia kwenye sayansi ya kompyuta, atakaa miaka minne akipigana na hisabati ya vekta na matriksi huku kipaji chake kikilala. Huyo anahitaji Blender na Krita, programu ambazo zote ni za bure, na kozi ya sanaa ya dijitali.

Muulize hivi: katika gemu unayoipenda, ni kitu gani ungetamani kiwe kazi ya mikono yako? Akikueleza jinsi adui anavyomfuata mchezaji na kuzunguka ukuta bila kukwama, huyo ni mtu wa programu. Akikueleza mwanga wa jua juu ya mapaa ya nyumba, mpelekee kompyuta ya kuchorea. Akijibu "yote", mpe miezi mitatu ya kujitafuta kabla hujamlipia chochote.

Vyuo vya karibu

Walioondoka Mombasa zamani wanaijua Poly pale Tudor. Siku hizi ni Technical University of Mombasa, TUM kwa ufupi, chuo kikuu kamili tangu 2013, na kina kozi za sayansi ya kompyuta na teknolojia ya habari. Digrii inataka wastani wa C+ kwenye KCSE, diploma C-, na nafasi hupitia KUCCPS, idara ya serikali inayogawa nafasi za vyuo. Kwa kozi za kompyuta tazama pia alama ya hisabati peke yake, maana C+ ya jumla iliyobebwa na somo la dini (CRE au IRE) na Kiswahili haitamfungulia kila mlango. Aliyekosa C+ aanze na diploma kisha apande. Njia hiyo ni ndefu lakini ipo, na wengi wameipita. Kuna Pwani University kule Kilifi, na baadhi ya vyuo vya Nairobi vina kampasi mjini Mombasa.

Anayetaka kozi yenye gemu ndani yake hasa, chuo cha ADMI cha Nairobi kimekuwa kikifundisha fani hiyo. Ila piga hesabu ya chumba, chakula na nauli ya Nairobi kabla ya kuitazama karo. Mtoto anayelala kwao Likoni na kuvuka feri bure kwa miguu anakugharimu kidogo sana kuliko anayepanga chumba Nairobi.

Jihadhari na vyuo vya ghorofani, vile vyenye bango kubwa barabarani linaloahidi cheti cha gemu kwa majuma machache. Chuo cha ufundi lazima kiwe kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi, na chuo kikuu kitambuliwe na CUE, tume ya vyuo vikuu. Orodha zao ziko mtandaoni, na kuzikagua ukiwa ughaibuni hakuchukui hata muda wa kunywa chai.

Mtihani ambao wewe mwenyewe unaweza kuusahihisha

Tatizo la mfadhili aliye mbali ni kwamba haelewi anachooneshwa. Kijana atakutumia video ya gari linalozunguka mjini, nawe hujui kama ameliunda au amepakua mfano wa bure na kubadilisha rangi. Kwa hiyo mpe kazi unayoifahamu kumshinda: atengeneze bao la kete la kuchezwa kwenye simu.

Bao linaonekana dogo lakini ni kazi nzito. Mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni, sita zikiwa kwenye nyumba, yaani shimo lake kuu, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuingiza ubaoni moja moja. Programu inatakiwa ijue ni lini mchezaji ana haki ya kula na ni lini hana budi kutakata, yaani kusambaza kete bila kula. Ijue kete zilizoliwa zinaanza kusambazwa kutoka kichwa kipi, yaani shimo la mwisho la upande gani. Ijue kwamba kete za mkononi zikiisha, mchezo unaingia kwenye mtaji, hatua yake ya pili, na kanuni zinageuka. Kisha kuna nyumba na haki zake, ambazo hata wazee pale barazani hubishania. Kijana anayeweza kuyaandika hayo yote yakafanya kazi ameshajifunza kutunza hali ya mchezo, kupanga zamu na kukagua kanuni, na hajafika hata kwenye picha.

Nawe huhitaji kujua mstari mmoja wa programu ili umsahihishe. Fungua, cheza, mfanyie ujanja. Jaribu kula mahali ambapo hapaliki. Jaribu kuchukua zamu mbili. Gusa shimo tupu mara kumi kwa haraka uone kama litakwama. Gemu ikikubali upuuzi wako, mwambie umeuona wapi, na umpe wiki. Namna anavyoipokea habari hiyo itakuambia mengi kuliko transkripti. Anayerudi na toleo lililorekebishwa mpe mkono. Anayekuandikia insha kwamba kosa ni la simu yako, hapo kaza kidogo.

Sharti moja: gemu ijaribiwe kwenye simu ya nyanya yake. Ili ionekane inateleza, gemu huchora picha 60 kwa sekunde, maana yake kila picha ina milisekunde 16 na nukta kuchorwa, na simu ya bei nafuu yenye RAM ya GB 2 haina huruma. Kwenye laptopu yake kila kitu kitaonekana kinateleza.

Injini ya kuanzia, yaani programu ya kutengenezea gemu, ningemshauri ni Godot. Ni ya bure kabisa, haidai sehemu ya mapato, na faili lake ni dogo kiasi cha kupakuliwa kwa bando la kawaida. Unreal ni nzuri ajabu, lakini hula makumi ya GB kabla hajafanya lolote, na inataka mashine nzito. Mrabaha wake wa asilimia 5 huanza baada ya gemu kuingiza dola milioni moja, kwa hiyo hilo lisimkoseshe usingizi. Unity inatumika sana kwenye gemu za simu, ingawa 2023 ilitangaza ada ya kila usakinishaji ikazua kelele duniani, na mwaka uliofuata ikaifuta. Baadaye atajifunza zaidi ya moja, kama ilivyo kawaida ya kazi hii.

Mashine, joto na chumvi

Laptopu ya RAM GB 16, SSD ya GB 512 na kadi ya grafiki iliyo peke yake inatosha kwa miaka ya chuo. Kwa Godot na bao hata ex-UK ya kawaida, ile iliyokwisha kutumika Uingereza, inafaa, na mimi ningempa hiyo kwanza. Kubwa aipate akimaliza gemu ya kwanza.

Ukiibeba kutoka Marekani, soma maandishi madogo kwenye chaja. Ikiandikwa 100–240V, anahitaji tu plagi ya miguu mitatu, ile ile ya Uingereza. Kompyuta ya mezani ya Marekani ni hadithi nyingine, nyingine zikichomekwa kwenye 240V zinaungua papo hapo. Halafu ukumbuke Mombasa ni Mombasa. Kati ya Januari na Machi chumba cha bati saa nane mchana kitaifanya laptopu ipunguze kasi yenyewe ili isiungue, na mtoto atadhani programu yake ni mbovu. Stendi ya kuinulia, feni ya chini, na kusafisha vumbi ndani kila baada ya miezi michache. Karibu na bahari upepo wa chumvi hula vyuma, kwa hiyo mashine isikae dirishani. Kompyuta ya mezani iwe na UPS, ile betri ya akiba, maana stima hukatika bila hodi.

Intaneti ya nyumbani ya faiba, kama inafika mtaani kwao, ni bora kuliko bando za kila siku. Na asikae peke yake chumbani. Swahilipot Hub, karibu na Fort Jesus, ni mahali ambapo vijana wa teknolojia na wa sanaa wanakutana, na mtu wa gemu anawahitaji wote wawili. Kila Januari kuna Global Game Jam, ambapo watu duniani kote hutengeneza gemu kwa muda wa siku chache tu. Ashiriki. Gemu mbovu iliyokamilika inamfundisha kuliko nzuri iliyoachwa njiani.

Karo

Ilipe moja kwa moja kwenye akaunti rasmi ya chuo kwa namba yake ya usajili, na uombe picha ya salio kwenye tovuti ya wanafunzi. Si kwamba humwamini mtu. Nyumba ikipata mgonjwa au msiba, karo iliyo mkononi ndiyo pesa ya kwanza kuonekana, na nani atasema haikutumika kwa haki? Nauli na bando zitumwe kwa M-Pesa yake mwenyewe. Mkopo wa HELB, ule wa serikali kwa wanafunzi, aombe kwa wakati hata kama wewe unalipa, kwa sababu kazi za ughaibuni nazo huisha.

Na usimruke babake. Ongea naye kwanza, kwa simu si kwa maandishi. Mzee akisikia mjomba wa huko nje amempangia mwanawe maisha bila yeye kuulizwa, hata laptopu ya dhahabu itakuwa ugomvi ndani ya nyumba.

Kumleta huko uliko

Shule za gemu zenye jina zipo. Abertay ya Dundee ilianza digrii ya gemu za kompyuta 1997, na DigiPen ya Redmond, Washington, inajulikana kwa kunoa watu wa programu. Mimi ningeliacha hilo liwe la shahada ya pili. Mwanzoni mwa 2024 Microsoft ilipunguza watu 1,900 kwenye kitengo chake cha gemu, na Sony ikafuata na 900. Kijana mgeni mwenye digrii ya gemu tupu anashindania kazi na hao. Mwenye sayansi ya kompyuta anaweza kugeukia benki au bandari.

Ukiamua hata hivyo, jua kwamba Uingereza inataka pesa za viza ya mwanafunzi ziwe kwenye akaunti yake, ya wazazi au ya mlezi wa kisheria, na zikae siku 28 mfululizo. Akaunti ya mjomba haihesabiwi. Marekani jamaa anaruhusiwa kudhamini, na baada ya kuhitimu kuna miezi 12 ya kufanya kazi, na 24 zaidi kwa kozi zilizo kwenye orodha ya sayansi na teknolojia. Kozi ya gemu inaweza kuwa upande wa sanaa, kwa hiyo chuo kikupe kwa maandishi namba ya CIP ya kozi, ile inayoonesha iko kundi gani.

Siku ya kuitoa gemu

Kufungua akaunti ya Google Play ni dola 25, mara moja tu. Kadi iwe yako, jina liwe lake, ili siku akiajiriwa au mkikosana gemu zisibaki kwako. Steam ni dola 100 kwa kila gemu, itch.io bure. Akaunti mpya ya mtu binafsi ya Google Play haimruhusu kuachia gemu kwa umma mpaka watu 12 wawe wameijaribu kwa siku 14 bila kujitoa katikati. Hapo ndipo kundi la WhatsApp la ukoo linapopata kazi. Andikisha watu kama 20, maana shangazi wawili watafuta ili kupata nafasi ya picha za harusi, na binamu aliye Toronto ana iPhone.