Namna ya Kutafuta Kinachomaliza Chaji ya Betri ya Gari Lako

Wateja wengi wanaofika katika karakana yetu hapa Nakuru huwa wamekwisha kununua betri mpya, nayo imewaishia chaji kama ile ya zamani. Betri inayoshindwa kuwasha gari asubuhi ina mojawapo ya sababu tatu: imechoka yenyewe, haichajiwi ipasavyo, au kuna kifaa kinachovuta umeme gari likiwa limezimwa. Fuata mpangilio huohuo, kwa sababu kutafuta kinachovuta umeme kabla ya kuthibitisha kwamba betri na alteneta (jenereta ya gari inayochaji betri) ni nzima ni kupoteza siku bure. Utahitaji mita ya dijiti yenye tundu la ampea 10, spana namba 10 na subira.

Hatua ya kwanza: betri yenyewe

Liache gari lipumzike usiku kucha, kisha pima volti kwenye tamino (nguzo) mbili za betri kabla hujawasha kitu chochote. Volti 12.6 zinaonyesha betri iliyojaa, 12.2 ni karibu nusu, na 12.0 kwenda chini ni betri inayoelekea kwisha. Ikiwa ni ndogo, ichaji kwanza kwa chaja hadi ijae, ndipo umwombe mtu awashe injini huku wewe ukitazama mita. Betri iliyojaa ambayo inashuka chini ya volti 9.6 wakati stata (mota inayozungusha injini ili iwake) inapozunguka imechoka, na hakuna fundi atakayeifufua. Joto la Kisumu huharakisha kuliwa kwa vibati vya risasi vilivyo ndani, lakini mara nyingi mwenye gari hugundua akiwa amelala Molo, kwa kuwa baridi hupunguza nguvu ya betri na kuifanya oili ya injini kuwa nzito.

Hatua ya pili: chaji

Washa injini, taa kubwa na feni, kisha pima tena. Unatarajia kati ya volti 13.5 na 14.7. Usiache kuwasha taa, kwa kuwa baadhi ya magari ya Kijapani ya miaka ya karibuni hupunguza chaji kwa makusudi yanapoona hakuna kazi kubwa, na wapo mafundi ambao wameng'oa alteneta nzima kwa kutolijua jambo hilo. Ukipata chini ya 13, kagua mkanda na usafi wa tamino kabla ya kuilaumu alteneta. Ukipata zaidi ya 15, betri inachemshwa na maji yake yatakauka.

Hatua ya tatu: umeme unaovuja

Hapa ndipo kazi ilipo. Zima kila kitu, weka ufunguo mbali na gari, na ikiwa utahitaji mlango uwe wazi ili kufikia kisanduku cha fyuzi, sukuma komeo lake kwa bisibisi hadi lijifunge, ili gari lidhani kwamba mlango umefungwa. (Kumbuka kuvuta kitasa ili ulifungue komeo hilo kabla ya kuufunga mlango.) Weka mita kwenye ampea 10, gusisha ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye kishikio cha waya wake, kisha ndipo ukichomoe kishikio hicho bila kuziachanisha ncha. Usijaribu kuwasha injini mita ikiwa hapo, kwani utaunguza fyuzi yake. Subiri dakika 20 hadi 60, kwa sababu kompyuta za gari hazilali mara moja.

Kiasi kisichozidi miliampea 50 ni cha kawaida. Ukiona 400, piga hesabu: betri ya NS60 yenye ampea-saa 45 itapoteza ampea-saa 9.6 kila siku, hivyo gari lililoegeshwa Ijumaa jioni litakuwa limepoteza zaidi ya nusu ya chaji kufikia Jumatatu asubuhi.

Ili kupata njia inayovuta umeme, usichomoe fyuzi ovyo, maana kufanya hivyo huziamsha kompyuta zilizolala. Rudisha kishikio hasi kwenye betri, subiri tena kompyuta zilale, kisha hamishia mita kwenye milivolti na ugusishe vitobo viwili vilivyo juu ya kila fyuzi. Ile isiyosoma sifuri ndiyo inayopitisha umeme. Zote zikisoma sifuri huku umeme ukiendelea kuvuja, shuku alteneta. Toa tena kishikio hasi, fungua waya mnene wa alteneta, uukinge usiguse chuma, kisha upime upya ampea kama mwanzo. Uvujaji ukikoma, diodi zake (vipande vinavyozuia umeme usirudi nyuma) zimeharibika.

Kwa maoni yangu, mshukiwa wa kwanza ni kitu kilichoongezwa gari lilipofika nchini. Redio za Japani huanzia megahezi 76 na hazifiki kwenye stesheni zetu nyingi, kwa hiyo karibu kila gari hubadilishiwa redio, na fundi mwenye haraka huunganisha waya mwekundu (wa umeme wa ufunguo) na wa manjano (wa umeme wa kudumu) pamoja, jambo linaloifanya redio na amplifaya zisilale kamwe. Kengele za wizi na vifaa vya kufuatilia gari vina tatizo kama hilo. Ikiwa gari ni la mkopo, usikikate kifaa cha kulifuatilia, mwite aliyekifunga. Taa ya buti nayo hukwama ikiwaka: weka simu ndani ikirekodi video, kisha ufunge.

Kuzuia

Safisha tamino kwa maji ya moto na brashi, kaza, upake grisi. Betri yenye vifuniko iongezwe maji ya betri (distilled water), si asidi, na yasizidi alama. Safari fupi za Milimani hadi mjini Kisumu huku kiyoyozi kikiwaka hazirudishi chaji iliyotumika kuwasha injini, kwa hiyo liendeshe gari mwendo mrefu angalau mara moja kwa wiki au utumie chaja nyumbani. Ukisafiri kwa zaidi ya wiki mbili, toa kishikio hasi, baada ya kuhakikisha kwamba una namba ya siri ya redio ikiwa inaihitaji na kwamba unaweza kufungua boneti milango ikiwa haifunguki kwa rimoti.