Namna ya kuutembea Mji Mkongwe kwa siku nzima bila haraka, ukaishia Dispensari Kongwe

Wageni wengi wa kutoka Nairobi, Mombasa, Kampala, na hata ndugu zetu wa Dar, hushuka bandari ya Malindi hapa Unguja wakiwa na orodha: majengo kumi, kisiwa cha Changuu, shamba la viungo, na boti ya jioni ya kurudi. Kazi yangu ni kutembeza wageni. Orodha ya namna hiyo huomba niione, kisha naikata. Siku ninayoipanga mie ina jengo moja tu la kulitazama sawasawa, Dispensari Kongwe, nalo huja mwisho. Chai, soko, baraza na usingizi wa mchana vyote vinatangulia kwa sababu vinalifunza jicho. Mgeni akifika mlangoni alasiri huku anajua boriti ni kitu gani na chokaa ina kazi gani, mtembezaji hana haja ya kusema sana.

Hatua ya 1: Chagua siku, na ulale usiku mmoja

Ijumaa iache. Kuanzia karibu na saa sita maduka hufungwa, watu wanakwenda kusali, na mji hurudi kazini taratibu. Ramadhani mji unapendeza usiku, lakini mchana hutakunywa chai wala kahawa hadharani, na siku hii bila kahawa haiendi. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, vichochoro hujaa maji. Juni hadi Septemba kuna upepo wa kusi, jua halichomi sana, na mtu anaweza kutembea hata saa tano ya asubuhi.

Boti ya kutoka Dar huchukua kama saa mbili. Ukija na kurudi siku hiyohiyo utashinda unaangalia saa, kwa hiyo lala. Beba pasipoti au kitambulisho, kwani Unguja ina ukaguzi wake bandarini, na kama unatoka nje ya Tanzania ulizia mapema habari ya bima ya wageni iliyoanza Oktoba 2024.

Nje ya geti la bandari utapokewa na mapapasi, watu wanaojitafutia wageni wa kuwatembeza. Wengine ni watu wazuri tu, wengine watakupeleka dukani kwa mjomba wao mpaka jua lizame. Ukitaka mtembezaji, mwombe akuoneshe kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii, na mpatane bei kabla ya kupiga hatua ya kwanza.

Hatua ya 2: Anza na tumbo, saa moja na nusu

Chai ya hoteli iache. Tafuta mkahawa wenye mvuke mlangoni na madereva ndani. Agiza mkate wa mofa au wa ufuta, mbaazi za nazi, na chai ya tangawizi. Ukibahatika kukuta boko boko, ngano iliyopikwa na nyama mpaka ikapondeka, agiza na hilo, halafu usipange kula tena mpaka adhuhuri.

Hatua ya 3: Darajani kabla ya joto, kisha ingia vichochoroni

Soko la Darajani lilijengwa mwaka 1904. Kaa karibu na mnada wa samaki dakika chache tu, usikilize bei zinavyopanda, halafu vuka uingie Mkunazini. Hapo pana kanisa kuu la Anglikana lililojengwa juu ya soko la watumwa, soko lililofungwa mwaka 1873. Mie sikuingizi humo siku hii. Pale panataka siku yake na moyo wake. Kupachomeka baina ya chai na kahawa ni kupakosea heshima.

Kuanzia hapo potea. Mji huu ni mdogo. Ukienda mbele bila kugeuka utatokea baharini au Darajani. Wakati unapotea, nakupa kazi tatu.

Kwanza, milango. Ule wenye vibao vidogo vidogo vya kukunja ni wa Kigujarati, mara nyingi ni wa duka. Wenye kizingiti cha juu kilichonyooka na kuchongwa ni wa Kiarabu. Wenye tao juu umekuja baadaye, kwa mtindo wa Kihindi. Mti uliosimama katikati ya mbao mbili unaitwa mfaa. Ile misumari mikubwa ya shaba asili yake Bara Hindi, ambako husemwa iliwekwa kuzuia tembo. Unguja hatuna tembo, lakini tajiri akipenda kitu haulizi kazi yake.

Pili, tafuta nyumba iliyobomoka na uchungulie ndani kwa mbali. Utaona ukuta mnene wa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na juu yake boriti za mikoko zimepangwa karibu karibu. Boriti haipatikani ndefu sana, na ndiyo maana vyumba vya mji huu ni vyembamba hata katika nyumba za mabwana: upana wake ni kama mita 3, urefu upendavyo. Juu ya boriti hupangwa mawe, yakamwagiwa chokaa, yakashindiliwa mpaka yakawa sakafu.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, tazama plasta. Palipopakwa chokaa utaona ukuta umechakaa lakini umeshikana. Palipopakwa saruji utaona plasta imevimba na kubanduka kwa vipande, mara nyingine na jiwe lake. Jiwe la tumbawe hunywa maji na chumvi. Chokaa inaacha unyevu utoke. Saruji inaufungia ndani, ukazunguka ukutani mpaka ukazifikia ncha za boriti zilizozamishwa humo, zikaoza. Nyumba nyingi hapa zimeumizwa na fundi aliyetaka kuzisaidia.

Hatua ya 4: Baraza

Mnamo saa tano fika Jaws Corner, kijiwe cha kahawa upande wa Sokomuhogo. Toa salamu kwa wote, "Assalaam alaykum", na kwa mzee aliye karibu nawe "Shikamoo", ndipo ukae. Kahawa chungu hutoka kwenye dele, yaani birika la kahawa, kikombe ni kidogo, na kashata iko pembeni. Usipige picha kwanza. Sikiliza dhumna (domino) zinavyogongwa na siasa zinavyochambuliwa. Ukiulizwa unatoka wapi, jibu kwa urefu. Mtu wa Mombasa hapa hukaa hata saa nzima, maana lazima ubishi uzuke kuhusu nani anajua zaidi kupika biriani.

Ukisimama, angalia ulichokalia. Baraza ni sehemu ya ukuta wa nyumba, limejengwa pamoja nao. Mwenye nyumba hupokea wageni hapo bila kuwaingiza ndani kwa watu wake, na mvua kubwa ikinyesha ndiyo njia ya kupitia.

Hatua ya 5: Kula, kisha lala

Wali wa nazi na samaki wa kupaka, au bakuli la urojo kama hutaki kushiba sana. Halafu rudi chumbani ulale mpaka saa tisa. Wageni hubishana na mie kuhusu hatua hii kuliko zote. Maduka mengi yamefungwa, jua liko kichwani, na jicho lililochoka halioni nakshi.

Hatua ya 6: Ufuate ufukwe, alasiri

Anzia bustani ya Forodhani uende kaskazini kwa njia ya Mizingani, bahari ikiwa kushoto kwako. Ngome Kongwe ipite. Simama mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, la mwanzo hapa kutiwa umeme. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka likiwa katika matengenezo, na mafundi wawili wakafariki. Simama hapo kidogo. Ukumbuke ile nyumba iliyobomoka uliyoichungulia asubuhi, na ukubali kwamba kulikarabati jengo kongwe ni kazi ya hatari, si kupaka rangi tu.

Endelea, ulipite jumba la makumbusho la Beit al-Sahel, mpaka ufike kwenye mtini mkubwa uliopandwa mwaka 1911. Mbele yake kidogo ndipo penyewe.

Hatua ya 7: Dispensari Kongwe, kuanzia saa kumi na nusu

Usiingie. Vuka barabara, uipe bahari mgongo, utazame kutoka mbali kwanza. Jengo linaelekea magharibi kwa kaskazini, hivyo jua la alasiri hulipiga usoni na kila kichongo kinatoa kivuli chake. Asubuhi mbele pote ni kivuli. Ndiyo sababu nimekuzungusha kutwa.

Tazama kutoka chini kwenda juu. Roshani za mbao zimechongwa kama kazi ya kufuma, kwa mkono wa mafundi walioletwa kutoka Bara Hindi. Nakshi za plasta ukutani zimeigwa Ulaya. Vioo vya rangi vimo. Na chini ya yote hayo ni ukuta uleule wa matumbawe uliouona umebomoka asubuhi. Mhindi, Mzungu na Mswahili wamo katika ukuta mmoja.

Aliyelianzisha ni Tharia Topan, mfanyabiashara kutoka Bara Hindi aliyesimamia forodha ya Sultani na kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa pwani hii. Lilianza kujengwa mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala, kwa nia liwe hospitali ya hisani. Tharia alifariki mwaka 1891 kabla halijakwisha. Mjane wake ndiye aliyelimaliza, 1894. Watembezaji wengi humtaja mume na kunyamaza. Mie husema jengo ni la wawili.

Baadaye liliuzwa, chini kukawa na dispensari na juu nyumba za kupanga, na jina likabaki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi wa waliolitunza waliondoka, jengo likachoka mpaka likawa karibu kuwa gofu. Miaka ya 1990 mfuko wa utamaduni wa Aga Khan ukalifufua, na lilikuwa miongoni mwa kazi kubwa za mwanzo za namna hiyo mjini, kabla Mji Mkongwe haujaingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000.

Sasa vuka. Piga hodi kwa mlinzi, msalimie, umwambie unataka kuona ua. Akikuruhusu, ingia mpaka katikati ya ua uliofunikwa juu, ukae kimya kidogo kabla ya kutoa simu. Joto la barabarani limebaki nje; ua ndiyo pumzi ya nyumba. Kisha zitafute zile kazi tatu: mlango ni wa namna gani, upana wa vyumba unafuata nini, plasta imeshikana au imevimba. Gusa kwa macho tu. Ukiwa na watoto, waache wao ndio wakueleze.

Ukikuta pamefungwa, usipoteze jioni ukigombana na mlango. Uso wa jengo peke yake unatosha nusu saa, na kesho yake asubuhi nenda Hamamni, nyumba za kuogea alizozijenga Barghash kwa ajili ya watu wote, nazo pia zimekarabatiwa.

Hatua ya 8: Rudi Forodhani kwa miguu

Vijana watakuwa wanajirusha baharini kutoka ukutani, na meza za chakula zinawashwa taa. Mishkaki, pweza, juisi ya miwa. Bei iulize kabla samaki hajawekwa juu ya moto, moja moja, kwa Kiswahili chako cha nyumbani. Akikutajia dola, cheka, umuulize tena.