Ukimwachia Samoni, Je, Amepona? Kwa Wageni Wanaovua Puget Sound

Ukihamia Seattle, Kent au Tacoma, miji ya jimbo la Washington, Marekani, iliyo karibu na mkono wa bahari uitwao Puget Sound, haitapita miaka miwili kabla mtu wa kazini hajakualika kwenda baharini kuvua samoni. Mimi nilialikwa Julai, nikaenda na kasha kubwa na barafu ya kutosha. Nilirudi na barafu.

Samaki wangu wa kwanza alikuwa samoni mzito wa aina ya Chinook, na ndoana ilikuwa imemwingia kwenye matamvua. Damu ilitoka kama wino kwenye maji ya kijani. Nikanyoosha mkono nimpandishe, mwenye mashua akanipigia kelele: "Usimtoe majini! Angalia kipezi." Kipezi kilikuwepo. "Mrudishe."

"Bwana, huyu anakufa."

"Najua. Mrudishe."

Nikamwachia. Alilala ubavu, akapiga mkia mara mbili, akazama. Sili aliyekuwa akitufuata tangu asubuhi naye akazama, palepale. Sikusema neno mpaka tulipofika nchi kavu, maana nimelelewa kwamba kutupa chakula ni dhambi, na hapa sheria ilikuwa imeniamuru nikitupe.

Naandika haya ili wewe usiende kama nilivyoenda mimi. Leseni na vifaa utaelekezwa na kila mtu. Lile la dhamiri hakuna anayekuambia, na ndilo litakalokuamsha usiku.

Kipezi chenyewe ni kile kidogo laini kilichoko mgongoni karibu na mkia. Vituo vya serikali na vya makabila ya wenyeji hutotoa samoni kwa mamilioni, na wengi wao hukatwa kipezi hicho wakiwa wadogo kabla ya kuachiwa. Kwa hiyo samaki asiye na kipezi, mwenye kovu lililopona mahali pake, ni wa kituoni. Mwenye kipezi huhesabiwa kuwa wa asili. Chinook wa Puget Sound waliwekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini chini ya sheria ya taifa mwaka 1999. Nyangumi aina ya orka wanaoishi maji haya, ambao chakula chao kikuu ni hao hao Chinook, wakafuata mwaka 2005. Ndiyo maana maeneo mengi hufunguliwa kwa masharti: chukua aliyekatwa, mwachie aliye kamili, na Chinook asiyefika inchi 22 mwachie vilevile. Kwa coho, aina nyingine ya samoni, masharti hubadilika kulingana na eneo na tarehe, na wakati mwingine hubadilika katikati ya wiki. Asubuhi ya safari, fungua programu ya simu ya Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Washington, iitwayo Fish Washington, usome kanuni za eneo lako kwa namba yake. Seattle ni Eneo la 10, Tacoma la 11. Usimwamini rafiki yako, hata kama amevua hapo miaka ishirini.

Sasa turudi kwa yule wangu aliyekufa. Kwa nini sheria isiruhusu tu kumchukua samaki ambaye kila mwenye macho anaona hatapona? Niliuliza swali hilo kwa hasira kwa muda mrefu. Jibu nililolikubali mwishowe ni hili: siku "alikuwa anakufa" itakapokuwa sababu halali, samaki wote wa asili watakuwa wanakufa. Kuna mtu atakayeivuta ndoana vibaya kwa makusudi, na askari aliyesimama gatini hawezi kujua kilichotokea maili tatu huko nje. Sheria imekubali kupoteza kitoweo ili isifungue mlango huo. Na pale majini hakipotei, sili na kaa wanakijua. Bado inauma, lakini siku hizi inauma kwa sababu ninayoielewa.

Kinachonisumbua zaidi ni mazungumzo ya wavuvi jioni: "Leo tumeachia kumi na tano!" Wanasema kwa furaha, kana kwamba wale kumi na tano hawakuguswa. Wataalamu wanaopanga misimu hawahesabu hivyo. Wanajua kwamba sehemu ya wanaoachiwa hufa baadaye, na vifo hivyo wanaviweka kwenye hesabu pamoja na walioliwa. Eneo linaweza hata kufungwa mapema kwa sababu samaki wadogo au wa asili walionaswa wamefikia kikomo, hata kama wa kuchukua bado wapo. Kwa maneno mengine, kila unayemnasa amekatwa kwenye fungu la watu wote, hata ukimrudisha kwa upole wa mkunga.

Mbona hufa, na ameogelea akaenda zake? Pa kwanza pa kutazama ni ndoana imeingia wapi. Iliyoshika mdomoni mara nyingi si kitu, ila ya kwenye matamvua au kooni ni habari nyingine. Pa pili ni magamba. Samoni akiwa baharini, chumvi ya mwilini mwake ni ndogo kuliko ya maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji yanataka kumtoka wakati wote. Utelezi na magamba ndiyo ngozi inayomzuia asikauke. Coho hasa, magamba yao yanabanduka kirahisi mno. Mshike kwa viganja vikavu, au mgaragaze kwenye sakafu ya mashua, na utaona viganja vyako vinameremeta fedha. Hiyo fedha ilikuwa kinga yake.

Hapo ndipo kanuni za Washington, ambazo wengi huziona za kusumbua, zinapopata maana. Ndoana ya samoni baharini iwe ya ncha moja na isiwe na kile kijino kinachoizuia kuchomoka. Wavu wa kuopolea uwe usio na mafundo, maana mafundo hukwangua. Na samoni usiyeruhusiwa kumchukua haruhusiwi kuvuka ukingo wa mashua kuingia ndani, hata kwa picha. Ndiyo, hata kwa picha ya kumtumia mama. Mpige picha samaki akiwa majini, au msimulie mama.

Namna ya kufanya, kwa mkono: mvute haraka, kwa mshipi wenye nguvu ya kutosha, usimchezeshe nusu saa ukijisifu. Akifika ubavuni mwa mashua usimchote kwanza. Vaa miwani ya jua inayokata mng'ao, mwache ageuke, utaona mgongo. Kipezi kipo? Shika mshipi kwa mkono wa kushoto, teleza koleo au kile kijiti chenye kulabu mpaka kwenye pindo la ndoana, kisha inua pindo hilo juu ncha ielekee chini. Uzito wake mwenyewe utamchomoa, na hutakuwa umemgusa. Mara ya kwanza nilihangaika dakika nzima, sasa ni sekunde tatu. Ndoana ikiwa imemezwa, usichimbe. Kata mshipi karibu na mdomo umwache aende nayo.

Chambo nacho kina neno. Heringi wa kukatwa anayeachwa ashuke taratibu humezwa ndani zaidi kuliko chambo bandia kinachokokotwa nyuma ya mashua. Mahali ambapo utarudisha wengi, mimi natumia cha bandia, hata kama kinanasa wachache. Wachache ndilo lengo.

Gati za juu, sizipendi siku za kuchagua samaki. Tatizo ni urefu: kutoka pale huwezi kuona kipezi vizuri, na nimeshuhudia watu wakimpandisha samaki mita kadhaa juu akining'inia kwa mdomo, wamkague, kisha wamtupe. Kishindo chake kwenye maji nakisikia mpaka leo. Ukiwa gatini, tumia wavu wa kushushwa kwa kamba, na kama hakuna mwenye nao, vua kitu kingine. Ufukweni kama Point No Point au Lincoln Park ni bora, mradi usimburute kwenye changarawe kabla ya kujua ni nani.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni asubiri mwaka usiogawanyika kwa mbili. Samoni aina ya pink huingia Puget Sound kwa wingi miaka hiyo tu, Agosti hasa, nao kwa kawaida hawakatwi kipezi, kwa hiyo msimu wao ukifunguliwa huna haja ya kukagua kipezi, ila kujua aina. Mtambue kwa madoa makubwa yenye umbo la yai mkiani na magamba madogo sana. Chinook ana ufizi mweusi na madoa mkia mzima, coho ufizi wake ni mweupe na madoa yake yapo nusu ya juu ya mkia. Jifunze hayo nyumbani, si huku mashua ikiyumba.

Je, ni halali, kwa maana ya moyo, kumvuta mnyama kwa raha kisha kumwachia? Uswisi sheria inakataza kwenda kuvua kwa nia ya kuwaachia, na Ujerumani sheria ya wanyama inadai uwe na sababu ya maana ya kumuumiza kiumbe. Huku Washington wapo watu wa makabila ya wenyeji wanaosema kuwa huko ni kuchezea chakula, na mimi nawasikia. Kwa njia, utakutana na wavuvi watakaokuambia nyavu za makabila ndizo zimemaliza samaki. Usilibebe lalamiko hilo. Mikataba yao na serikali ya Marekani ya 1854 na 1855 iliwahakikishia haki ya kuvua, na hukumu ya Jaji Boldt ya 1974 ikathibitisha kwamba nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa ni fungu lao. Mabwawa, ukataji wa miti na miji vilianza kuiharibu mito zamani kabla hatujafika.

Msimamo wangu ni mwepesi kusema na mgumu kutenda: navua kwa ajili ya kula. Wa kwanza aliye halali namchukua, simwachii nikitamani mkubwa zaidi. Nikirudisha watatu mfululizo nahama, au nakunja mishipi. Wenye mashua hawanipendi kwa hilo, maana petroli imelipwa.

Na ukivunja kanuni hizi, usidhani ni faini tu. Makosa mengine ya uvuvi Washington ni ya jinai, na mwenye kesi ya uhamiaji anajua rekodi ya jinai inavyoweza kumwandama kwa sababu ya samaki mmoja. Samoni unayemchukua, mwandike papo hapo kwenye kadi ya kuandikia samaki (catch record card), kabla hujatupa mshipi tena. Mtoto asiyehitaji leseni bado anahitaji kadi yake. Na kadi yenyewe irudishwe au iripotiwe hata kama hukupata kitu.

Kadi hiyo haina nafasi ya waliorudishwa. Idara ina ripoti ya hiari ya safari inayouliza habari za hao waliorudishwa. Ijaze, inawasaidia wanaohesabu. Mimi pia nina daftari dogo ndani ya kasha la barafu. Ukurasa wa msimu uliopita unasema: niliochukua wawili, niliowaachia tisa. Kando ya wawili kati ya hao tisa nimeandika "damu".