Hela ya korosho ikiingia, anza na daftari la madeni

Wenzangu wa Newala na Tandahimba, malipo ya mnada yakishaingia benki, msipite gulioni kwanza. Nendeni kwenye madeni.

Sisi nyumbani tulikuwa tunadaiwa sehemu tatu: dukani, kikoba (kikundi chetu cha kuweka na kukopa), na jirani aliyetukopesha ada. Tukakaa jioni mkekani, mimi, mama watoto na hata wale wakubwa wawili, tukaandika kila deni kwenye daftari la shule. Watoto walipoona hesabu, hakuna aliyedai viatu vipya mwaka ule. Tulianza na kikoba kwa sababu ya riba, jirani tukamwomba atusubirie, naye Mungu ambariki akakubali.

Kilichotubeba zaidi ni chakula cha shambani. Tulimenya mihogo, tukaanika makopa, tukajaza magunia mawili. Mbaazi hatukuuza zote, debe mbili zikabaki za mboga. Sukari ilikuwa ya uji wa mtoto mdogo tu. Maji nayo, huku juu Makonde, ni hela: tuliweka mabati ya kukingia mvua na pipa chini yake, tukaacha kununua ndoo masika yote.

Na nawasihi sana, msiuze kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada. Kabla ya msimu njaa inabana, mtu anakuja na hela mkononi, mnampa korosho ambazo bado ziko mtini kwa bei ya kutupa. Msimu ukifika mnabaki na deni lile lile na ghala tupu. Bora kula makopa hadi Oktoba.