Kuusoma mche wa barafu ya bahari: halijoto, chumvi na njia ya maji kutoka

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchukua mche mmoja wa barafu ya bahari, yaani kipande kirefu cha mviringo kinachokatwa wima kutoka juu hadi chini, kuupima halijoto na chumvi, kisha kutumia vipimo hivyo viwili kukadiria ni tabaka gani linaweza kuvujisha maji ya chumvi na ni lipi limeziba. Mfano ninaoufuata ni barafu ya msimu mmoja iliyoshikamana na pwani, kama ile inayoganda kila majira ya baridi mbele ya mji wa Utqiaġvik, kaskazini mwa Alaska, katika Bahari ya Chukchi. Hesabu zake hazihitaji zaidi ya kikokotoo cha simu, ila zinamtaka mtu aelewe kwanza jinsi barafu hiyo inavyojijenga.

Hatua ya kwanza: elewa kinachotokea maji yanapoganda

Maji ya bahari yenye gramu 34 za chumvi kwa kila kilo huanza kuganda yakifika karibu nyuzi -1.9 za Selsiasi. Maji ya ziwa huwa mazito kuliko wakati wowote yanapokuwa na nyuzi 4, kwa hiyo yanayopoa zaidi ya hapo huelea juu na kuganda mapema. Lakini maji yenye chumvi inayozidi gramu 24.7 kwa kilo huendelea kuwa mazito kadiri yanavyopoa, huzama na kupisha mengine, mpaka tabaka zima la juu la bahari lifikie kiwango cha kuganda.

Fuwele ya barafu haina nafasi ya kupokea chumvi. Kutokana na ukweli huo wengi huhitimisha kwamba chumvi hufukuzwa na kurudi baharini papo hapo, na hitimisho hilo si sahihi. Upande wa chini wa barafu hukua kwa umbo la vibamba vyembamba vilivyosimama wima, vikiachana kwa chini ya milimita moja, na maji yaliyokolea chumvi hunaswa katikati ya vibamba hivyo. Dirk Notz na Grae Worster, katika uchambuzi wao wa mwaka 2009, walionyesha kwamba kuganda kwenyewe hakutoi chumvi. Chumvi hutoka baadaye, na njia zenye uzito ni mbili tu: maji mazito kushuka kwa nguvu ya uvutano, na maji ya kiangazi kuipenya barafu na kuisuuza. Mwongozo huu wote umesimama juu ya jambo hilo.

Hatua ya pili: kadiria unene kabla ya kwenda

Ili barafu iongezeke kwa chini, joto fiche linalotolewa na maji yanayoganda lazima lipande kupitia barafu iliyokwisha kuwapo mpaka lifike hewani. Kadiri barafu inavyonenepa ndivyo inavyojizuia yenyewe kukua. Josef Stefan, mwanafizikia wa Austria, aliliandika jambo hili kwa hesabu mwaka 1891: unene hufuata kipeuo cha pili cha baridi iliyokusanyika. Zidisha idadi ya siku kwa nyuzi ambazo uso wa barafu uko chini ya kiwango cha kuganda, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa 3.4 upate sentimita. Siku 10 zenye tofauti ya nyuzi 20 zinatoa 200, na unene wa kama sm 48.

Jibu hilo ni kubwa mno kwa barafu halisi, kwa sababu theluji iliyolala juu hupitisha joto kwa takriban sehemu moja ya saba tu ya uwezo wa barafu. Kanuni ya Lebedev, iliyotokana na vipimo vya Aktiki ya Urusi, inatumia halijoto ya hewa na kuihesabu theluji ya kawaida ndani yake: 1.33 mara baridi iliyokusanyika ikipandishwa kwa kipeo cha 0.58. Kwa ile 200 inatoa sm 29. Mimi hupangia vifaa kwa kanuni hii ya pili.

Hatua ya tatu: toa mche na upime halijoto kabla ya jambo lingine lolote

Kekee ya bomba yenye kipenyo cha sm 9 inatosha. Mmoja wenu asishike kifaa chochote cha kupimia. Kazi yake ni kuangalia dubu. Mche ukishatoka, ulaze mara moja mahali penye kivuli na pasipo upepo, toboa vitundu vinavyofika katikati yake kila baada ya sm 5 au 10, na uingize kipimajoto chenye ncha nyembamba. Anza upande wa chini, kwa kuwa ndio unaotofautiana zaidi na hewa ya nje na ndio utakaopoa haraka. Chumvi inaweza kusubiri hadi kesho ikiwa ndani ya chombo kilichofungwa, halijoto haisubiri. Mwenye muda atoe miche miwili jirani, mmoja wa halijoto na mmoja wa chumvi.

Hatua ya nne: kata, yeyusha, pima chumvi

Kata vipande vya sm 5 au 10 kwa msumeno, na kila kipande kiingie katika chombo chake chenye mfuniko. Kiache kiyeyuke chote kabisa, koroga, kisha pima kwa kifaa cha upitishaji umeme. Usipime kabla ya kipande kwisha kuyeyuka: maji ya mwanzo yana chumvi nyingi kuliko yatakayofuata.

Hatua ya tano: piga hesabu ya nafasi iliyojaa maji

Ndani ya barafu, ukolevu wa maji ya chumvi hauamuliwi na chumvi uliyoipima bali na halijoto peke yake. Barafu ikipoa, sehemu ya maji yaliyonaswa huganda kwenye kuta za vishimo, na yanayobaki hukolea mpaka yaweze kubaki majimaji katika baridi hiyo. Kwenye nyuzi -5 ukolevu ni kama gramu 85 kwa kilo. Kwenye -10 unazidi 140. Chumvi ya kipande inakueleza tu kiasi cha maji hayo. Kanuni ya Frankenstein na Garner ya mwaka 1967 inaunganisha mambo hayo mawili: gawanya 49.185 kwa nyuzi za baridi bila alama ya kutoa, ongeza 0.532, zidisha kwa chumvi ya kipande (gramu kwa kilo), na jibu ni sehemu kwa elfu ya ujazo wa kipande iliyojaa maji ya chumvi. Itumie kati ya nyuzi -0.5 na -22.9.

Tuseme mche una tabaka la juu lenye nyuzi -15 na chumvi 8, la kati lenye -8 na 5, na la chini lenye -2.2 na 10. Utapata, kwa mfuatano huo, asilimia 3.0, 3.3 na 22.9.

Hatua ya sita: amua lipi limefunguka

Mwaka 1998 Golden, Ackley na Lytle walieleza kwamba barafu ya nguzo, ile iliyokua kwa vibamba vya wima, huanza kupitisha maji nafasi hizo zinapofikia karibu asilimia 5, kwa kuwa hapo vishimo huungana na kuwa mfereji. Barafu yenye chumvi 5 hufika hapo kwenye nyuzi -5. Barafu ya chembechembe, iliyoganda katika maji yenye mawimbi, huhitaji kiasi kikubwa zaidi, basi angalia umbo la fuwele kabla ya kutoa hukumu.

Katika mche wetu ni tabaka la chini tu lililo wazi. Humo, maji ya sehemu za juu ni baridi zaidi, yana chumvi zaidi na ni mazito zaidi: yenye gramu 85 yana uzito wa kama kilo 1068 kwa mita ya ujazo, ilhali ya baharini chini yake ni kama 1027. Hushuka kwa mifereji michache, na maji ya bahari hupanda kujaza nafasi. Tabaka za juu zimebaki na chumvi ziliyoinasa zilipoganda upesi, ndiyo maana mchoro wa chumvi wa barafu ya msimu mmoja una umbo la herufi C.

Isome ncha ya chini ya herufi hiyo kwa tahadhari. Mche unapoinuliwa kutoka majini, tabaka lililo wazi humwaga maji yake shimoni, kwa hiyo chumvi uliyoipima hapo ni pungufu kuliko iliyokuwamo. Ile asilimia 22.9 ichukuliwe kuwa kiwango cha chini kabisa, na katika daftari andika kando ya kipande hicho kama mche ulikuwa unadondosha maji ulipoulaza.