Somo: Kuisikiliza setilaiti ya uelekezi ukiwa Kisumu

Wengi hudhani simu hupiga huko juu kuuliza iko wapi. Haipigi. Inasikiliza tu. Leo tusikilize pamoja. Chukua simu ya Android na programu yoyote ya bure inayoorodhesha setilaiti.

Hatua ya 1. Toka nje, usijibanze chini ya mabati. Mimi hupenda ufuo wa Dunga kwa sababu upande wa ziwa hakuna ghorofa. Washa huduma ya mahali. Bando likiisha hakuna neno, ila utangoja zaidi mwanzoni: setilaiti ya GPS hurudia kutangaza njia yake kila sekunde 30.

Hatua ya 2. Tazama bendera kando ya kila setilaiti kwenye orodha. Ya Marekani ni GPS, iliyo kilomita 20,200 juu. Ya Umoja wa Ulaya ni Galileo, kilomita 23,222. Hiyo ndiyo obiti ya kati, yaani njia ya kuizunguka dunia isiyo ya chini wala ya juu kabisa. GPS huzunguka dunia kwa saa 11 na dakika 58, Galileo kwa saa 14 hivi. Kila setilaiti ya Galileo hubeba saa nne za atomiki, mbili za haidrojeni na mbili za rubidi. Kwangu mimi hizo saa ndizo setilaiti yenyewe. Mabawa ya sola na mengine ni wapagazi wake. Simu hupima umbali kwa muda ambao mawimbi yametumia kufika, kwa hiyo saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unapotoka mita 300, nawe uko kwa jirani wa tatu.

Hatua ya 3. Soma kimo cha setilaiti angani, kwa nyuzi: 0 ni upeo wa macho, 90 ni utosini. Kisha nguvu ya mawimbi: 40 ni safi, chini ya 20 ni mnong'ono. Funika simu kwa sufuria uone namba zinavyoporomoka.

Hatua ya 4. Chagua moja ya GPS, andika namba yake, kimo na saa. Kesho simama palepale dakika 4 mapema. Utaikuta palepale. Ya Galileo ingekungojesha siku 10.

MASWALI

Mwalimu, mbona simu inataka setilaiti nne?
Tatu ni za mahali. Ya nne ni ya kurekebisha saa ya simu yako, ambayo ni kipande cha kwatzi cha bei rahisi.

Napima mashamba Ahero. Ikifika saa mbili usiku mpaka unaruka. Simu mbovu?
Huenda ni nzima, ndugu yangu. Tuko kwenye ikweta, na jua likizama tabaka la juu la anga hutokota mapovu yanayotikisa mawimbi, hasa miezi ya Machi na Septemba. Simu inayopokea masafa mawili, 1575.42 na 1176.45 MHz, hufuta sehemu ya kosa. Mtikisiko wenyewe dawa yake ni kungoja asubuhi. Nilishampimia shemeji ploti usiku, kigingi kikaangukia kwenye migomba ya jirani. Tulirudi mchana na futi ya kamba.

Naweza kuiona kwa macho?
La, iko mbali mno. Ile kama nyota unayoiona ikikatiza anga jioni ni setilaiti ya obiti ya chini, kilomita mia chache tu.