GPS ikichanganyikiwa Mji wa Kale, isaidie na sensa za mwendo

Kama ushafunga traka (kile chombo cha GPS cha kuonyesha gari liko wapi) kwa tuktuk utakuwa ushaona, ikiingia tu vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, ramani yakuonyesha iko juu ya paa la mtu. Nyumba zimebanana, setilaiti nyingi hazionekani, na mawimbi yanagonga ukuta kwanza ndo yafike kwa antena, basi GPS yahesabu umbali wa setilaiti mrefu kuliko ule wa kweli. Iongezee akselerometa (yapima kasi inavyobadilika) na jairo (yapima kugeuka), kale kadude ka MPU-6050 kenye zote mbili katosha kuanzia.

Lakini sensa peke yake usiiachie njia. Akselerometa ikikosea 0.1 m/s² tu, sekunde 10 ushapotea mita 5, dakika moja mita 180! GPS pia hukosea, lakini kosa lake halikui hivyo kila muda ukienda, kwa hivyo sensa ibebe zile sekunde chache halafu GPS ije irekebishe.

Ifunge imara kwa chesisi. Kabla hujaondoka zima injini, tulia, soma jairo kama nusu dakika upige wastani, hiyo namba uitoe kwa kila somo litakalofuata. Tafadhalini hapa msiparuke, balaa nyingi zaanzia hapa, na joto likipanda namba yabadilika kwa hivyo ukisimama tena rudia. MPU-6050 haina dira, mwelekeo wa kuanzia uchukue kwa GPS ukienda moja kwa moja barabara iliyo wazi.

Kuchanganya GPS na sensa tumia filta ya Kalman, yaani hesabu ya kuunganisha utabiri na vipimo, Rudolf Kalman aliitoa 1960 na mpaka leo ndo mwendo. Sensa yatabiri uko wapi, tuseme mara 100 kwa sekunde, GPS ikileta yake mara moja kwa sekunde filta yapima nani aaminiwe zaidi. Setilaiti zikiwa chache punguza imani kwa GPS, na ikiruka mita 40 ghafla na sensa haijahisi kitu, tupa hilo somo.

Halafu kuna sheria mbili tamu sana: tuktuk ikitulia kasi ni sifuri, na tuktuk haiendi kimbavu. Zasaidia mno, ila ukipanda feri ya Likoni zote mbili zakudanganya, mana tuktuk imetulia tuli na feri yaisogeza, tena pengine kimbavu. Pale majini anga iko wazi, kwa hivyo GPS ikionyesha mwendo wa polepole usiokatika, zizime hizo sheria uifuate GPS mpaka ushuke ng'ambo.